Kaa na Kiti Chako

Wimbo ulioifanya bendi ya Kutu ijulikane haukuandikwa kwanza. Ulisemwa, tena kwa uchungu, na msichana aliyekuwa amesimama katikati ya sebule ya watu akiwa na ovaroli la kazini.

Wenzake kwenye bendi walimwita Msasa, na jina lilimkaa pande zote mbili. Kazi yake ilikuwa kupiga rangi magari katika gereji ya mjomba wake, na kwa kuwa bati halipigwi rangi mpaka lisuguliwe likasuguliwa tena, vidole vyake vilikuwa vigumu kuliko vya wanaume wengi. Sauti yake nayo ilikuwa na mikwaruzo, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. Tangu shuleni aliambiwa aitikie tu nyuma ya wenzake, asije akaharibu kwaya. Kwa hiyo ndani ya Kutu alipiga gitaa la pili na kuitikia, na hakuwahi kuomba zaidi ya hapo.

Mwimbaji alikuwa Waya, fundi umeme, mrefu na mwembamba, mwenye sauti safi na macho ambayo yakikutazama unasahau ulichokuwa unasema. Walijuana siku Waya alipoitwa gereji kutengeneza taa. Alimkuta Msasa kajifunga kitambaa puani, anapuliza rangi nyekundu kwenye mlango wa gari, mkono unakwenda na kurudi bila kutetereka. Akasimama kutazama mpaka mjomba akamuuliza kama taa ziko mlangoni mwa gari. Kazi ile aliimaliza mapema, lakini akasema bado kuna waya haujakaa sawa, ili apate sababu ya kurudi. Akarudi. Akarudi tena. Mjomba akawa anawaambia wateja kwamba gereji yake haijapata kuwa na umeme mzuri kama mwaka ule, na bado fundi haishi kuja.

Kinyozi wa mtaa ule alipiga ngoma. Mwalimu wa hesabu wa shule ya jirani alipiga gitaa la besi. Jioni gereji ikifungwa, walisukuma magari nje, wakachomeka spika, na bati la paa likawa linatetemeka. Hapo ndipo Msasa na Waya walipopendana, mbele ya watu wawili waliojifanya hawaoni. Waya alikuwa akiimba huku anamtazama, na Msasa akiitikia huku anatazama nyuzi za gitaa, kwa kuwa akiinua macho vidole vilikuwa vinapotea njia.

Tatizo lilikuwa mama yake Waya.

Mji mzima ulimwita Mama Mashela. Alishona magauni ya harusi, na hakukuwa na familia iliyoozesha binti bila kupita dukani kwake. Alifiwa na mumewe Waya akiwa bado hajaanza shule, akamlea kwa sindano peke yake, akamsomesha, akamvisha vizuri kuliko watoto wenye baba. Katika miaka yote hiyo ya kuvalisha mabinti wa wenzake alikuwa na hamu moja, siku moja amvalishe mke wa mwanawe. Binti huyo alikuwa amekwisha kumchora kichwani: mpole, mwenye mikono laini, anayesema kwa sauti ya chini. Aliposikia kwamba mwanawe ana mchumba anayepiga rangi magari na kupiga gitaa katikati ya wanaume, alisema hayo ni maneno ya watu.

Waya alimwomba Msasa aje nyumbani Jumamosi mchana, wasalimiane. Msasa alipanga kupita kwake kwanza akabadili nguo, lakini mteja aling'ang'ania gari lake mpaka muda ukaisha, na Waya akampigia simu kwamba mama anakaribia kutoka, aje hivyohivyo, kwani mama si mtu wa kuangalia nguo. Neno hilo Msasa alilikumbuka baadaye kwa uchungu. Aliosha mikono kwa thina ya kuyeyushia rangi, akaosha kwa sabuni, lakini nyekundu ya kwenye kucha haikutoka.

Mama Mashela alimfungulia mlango, akaitikia shikamoo, akamtazama kuanzia viatu kwenda juu. Sebule ilikuwa nyeupe tupu, makochi yamevishwa vitambaa vya kufuma, mito imepangwa kama ya dukani. Msasa akasogea kwenye kochi la karibu.

"Usikae, binti," Mama Mashela akasema. "Viti vimefuliwa."

Hakupaza sauti. Alizungumza kwa upole uleule anaotumia kumwambia mteja kwamba rangi aliyoichagua haimfai. Alisema amemlea mwanawe peke yake na hakumlea kwa ajili ya kelele. Alisema msichana anayeshinda na mafundi na jioni anashika gitaa anaweza kuwa mtu mzuri tu, hakatai, ila si wa kuletwa nyumbani. Alisema amevalisha mabibi harusi wengi, akimtazama mtu anajua kama gauni litamkaa. Kisha akaitazama mikono ya Msasa, akauliza, "Mikono hiyo mimi nitaivalisha nini?"

Msasa alihisi machozi yanapanda, akayarudisha. Aliivuta ile mikono aliyokuwa ameanza kuificha nyuma, akaiacha ionekane.

"Mama, kiti chako kaa nacho," akasema. "Mimi sikuja kukaa. Nimekuja kwa sababu nampenda mwanao. Mikono yangu ina rangi, haina aibu, na kazi iliyoichafua ndiyo inayonilisha. Siku ukinitaka hutanitafuta, mimi sijifichi. Nimesimama."

Akaaga kwa heshima, kama alivyofundishwa kwao, akageuka.

Kwenye ukumbi mwembamba wa kutokea, mlango wa jikoni ulikuwa wazi nusu. Ndani, juu ya ngazi, alikuwa Waya na balbu mkononi. Mama yake alikuwa amemwomba abadilishe taa wakati wakimsubiri mgeni. Alikuwa amesikia kila kitu. Macho yao yakakutana, na Msasa akasimama pale kidogo, akimpa nafasi ya kusema hata neno moja, hata jina lake tu. Waya akainamisha kichwa.

Msasa akatoka.

Baada ya siku ile hakupokea simu zake. Alipiga rangi. Alisugua magari ambayo hayakuhitaji kusuguliwa, mpaka mjomba akamwambia akiendelea hivyo atatoboa mlango wa mtu. Hakumweleza kilichotokea. Maneno ya Mama Mashela yalimuuma, lakini aliweza kuyabeba, kwani mama yule hakumjua. Yule aliyemjua na kunyamaza ndiye aliyemkosesha usingizi.

Hatimaye Kinyozi alikuja mwenyewe gerejini. Alimwambia kwamba mtayarishaji mmoja wa studio, mzee asiyepokea bendi changa, amekubali kuwasikiliza wiki ijayo. Kama yeye na Waya wamegombana wagombane, ila wasiizike bendi kwa ajili hiyo. Msasa akakubali kwa sababu ya Kinyozi na Mwalimu, na kwa sababu gitaa lilikuwa linamwita hata akiwa amekasirika.

Jioni ile walisukuma magari nje kama kawaida. Waya hakumtazama usoni. Alisema ana wimbo mpya, akaanza kupiga gitaa lake, taratibu kwanza, kisha kwa nguvu, sauti nzito yenye hasira ambayo haikuwa yake hata kidogo. Mwalimu akaifuata na besi. Kinyozi akaingia na ngoma. Waya akafungua mdomo.

*Kiti chako kaa nacho, mimi sikuja kukaa.*

Msasa alivua mkanda wa gitaa, akaliweka chini. Muziki ukakatika vipande vipande, besi ikiwa ya mwisho kunyamaza.

"Kumbe uliyasikia yote," akasema.

"Yote," Waya akajibu.

"Neno kwa neno."

"Neno kwa neno. Sikuweza kuyatoa kichwani."

"Basi mdomo wa kuimba unao. Wa kusema ndio huna."

Kinyozi akawa anakaza ngoma ambayo haikulegea. Mwalimu akakumbuka kwamba ana kitu nje. Waya alibaki palepale, uso umemshuka, akasema kwa sauti ndogo kwamba tangu atoke tumboni hajawahi kumpinga mama yake, na kwamba pale kwenye ngazi miguu iliganda. Hakusema hivyo ili asamehewe, akasema, ila ndivyo ilivyokuwa. Msasa akamwambia kwamba yeye pia miguu iliganda, lakini alijibu. Akamwambia yale maneno yalimtoka siku iliyokuwa mbaya kuliko zote katika maisha yake, na yeye ameyachukua akayafanya wimbo wa kujipatia sifa.

Waya hakubishana. Aliweka gitaa lake juu ya boneti la gari, akatoka kwa haraka bila kuaga. Msasa akafikiri amekimbia tena, akaanza kukusanya nyaya zake huku Kinyozi akimsihi angoje kidogo.

Jua halijazama Waya akarudi, kifua kinapanda na kushuka. Alikuwa ametoka dukani kwa mama yake.

Aliwaeleza wote watatu, maana aibu yake walikwisha kuijua. Alikuwa amemwambia mama yake kwamba siku ile alikuwa juu ya ngazi na aliona haya, na aliyemwonea haya hakuwa Msasa. Alimwambia atamwoa msichana yule kama bado anamtaka. Alimwambia anampenda mama yake na anatamani awepo harusini. Asipokuwepo atalia, lakini harusi itakuwepo.

"Akasemaje?" Mwalimu akauliza.

"Hakusema. Aliendelea kushona."

Kisha akamgeukia Msasa. "Nimechelewa, najua. Na wimbo si wangu. Ukisema tuutupe, tutautupa leo hii. Ukisema uimbwe, uimbe wewe, maana mimi nikiuimba ni wizi."

Msasa alimtazama muda mrefu. Alitaka kuendelea kukasirika, lakini alimwona mtu aliyekwenda mbio kufanya kitu kilichomshinda maisha yake yote, tena bila kuombwa, na moyo ukaanza kumlainika bila ruhusa yake. Hakumwambia hivyo. Aliokota gitaa, akamwambia Kinyozi aanze.

Aliimba kwa ile sauti iliyofukuzwa kwaya. Mara ya kwanza alitetemeka. Mara ya pili aliacha kutetemeka. Mara ya tatu mjomba alitoka ofisini na miwani yake kichwani, akasimama mlangoni, na wimbo ulipokwisha akauliza kwa nini miaka yote hii walikuwa wanamwitikisha tu.

Studioni mambo hayakuwa rahisi. Yule mzee aliupenda wimbo, lakini akataka Waya auimbe, kwa vile sauti yake ni safi na watu wamezoea sauti za namna hiyo. Msichana aitikie. Msasa akashusha pumzi, tayari kurudi nyuma alikozoea. Waya akamtangulia. Alimwambia mzee kwamba maneno yale yana mwenyewe, na mwenyewe yuko hapa. Mzee akajibu kwamba studio ni yake. Waya akaanza kuchomoa nyaya, na Kinyozi akachukua vijiti vyake, na Mwalimu, ambaye hajawahi kugombana na mtu asiye mwanafunzi, akaanza kufunga besi kwenye mfuko. Basi mzee akasema, akitafuna karanga, haya, aimbe mara moja tu, wasikie wenyewe.

Msasa akasogea kwenye maikrofoni. Waya alikuwa upande wake wa kulia, na safari hii ndiye aliyeitikia. Walipofika mahali pa *mikono yangu ina rangi, haina aibu*, mzee aliacha kutafuna. Mpaka wimbo unakwisha karanga zilikuwa bado ziko shavuni. Akasema wasiguse kitu, wimbo umekwisha.

Uliporushwa hewani ulikwenda kama moto. Uliimbwa saluni na sokoni, uliimbwa na makonda na wauguzi. Kila mtu aliupa kiti chake. Mmoja alimwimbia bosi, mwingine alimwimbia mchumba aliyemwacha, na wanafunzi wa Mwalimu walimwimbia yeye alipowaambia wakae. Mama mmoja alikuja gerejini na gari lisilo na kasoro yoyote, akakiri kwamba alitaka tu kuiona hiyo mikono. Mjomba alikuwa akiwaambia wateja wanaolalamika kucheleweshewa, "Unajua anayepiga rangi gari lako ni nani?" na malalamiko yakaishia hapo. Msasa aliendelea na kazi yake. Ila alianza kutembea na kichwa juu, na jioni akitoka hakuficha tena mikono mifukoni.

Waya alimuuliza kama atakubali kuolewa naye. Msasa akamwambia anampenda, hilo asilitilie shaka, lakini nyumba ya mama yake hataingia kupitia dirishani. Ama mlango ufunguliwe, ama wangoje. Waya akasema watangoja wote wawili.

Mama Mashela alinyamaza. Alimpikia mwanawe, alimfulia, alimuuliza habari za kazi, na redio ikianza kuupiga ule wimbo hakuzima wala hakuongeza sauti.

Ndipo bendi ikaalikwa redioni, kipindi cha mchana ambacho mji mzima husikiliza, na Msasa akaenda moja kwa moja kutoka kazini na ovaroli lake. Mtangazaji alikuwa hodari, mwenye kicheko cha kukufanya useme usilokusudia. Aliuliza habari za gereji, za kwaya, za karanga, wakacheka. Halafu akasogea karibu na maikrofoni. Alisema wasikilizaji wanapiga simu tangu asubuhi wakiuliza jambo moja tu: ni nani yule aliyemwambia Msasa asikae?

Waya alimtazama Msasa. Kinyozi alitazama dari. Msasa alijua kwamba akitaja jina tu, mwanamke aliyemdhalilisha atadhalilika kuliko yeye, na hakuna bibi harusi atakayeingia duka lile bila kunong'ona. Alilifikiria hilo. Alimfikiria pia mjane aliyemlea mtoto kwa sindano mpaka akawa huyu aliyekaa kando yake, tayari kumezwa na ardhi.

"Ana jina lake na ana heshima yake," akasema. "Nilimjibu yeye, sikuujibu mji. Habari ile ni yetu. Wimbo ndio wenu."

Mtangazaji akabembeleza, akatania, akataka hata herufi ya kwanza. Msasa akatabasamu, akasema amemaliza.

Hawajafika barabarani simu ya Waya ikalia. Alisikiliza, akaitikia, akakata. Mama yake alikuwa amesema maneno machache tu: mlete dukani, sasa hivi, hivyohivyo alivyo.

 Njiani Waya alimshika mkono na hakuuachia, hata pale walipopishana na watu waliomtambua Msasa na kumpungia.

Duka lilikuwa limejaa. Magauni yananing'inia ukutani, redio iko juu ya rafu, na bibi harusi mtarajiwa amesimama mbele ya kioo huku Mama Mashela amepiga magoti akimpimia pindo, pini mdomoni. Shangazi wawili wa yule binti walikuwa wanaendeleza mazungumzo ya redio. Mmoja alikuwa akisema huyo mama wa kwenye wimbo lazima awe na roho ya jiwe, na mwenzake akasema mtu wa namna hiyo hastahili mkwe. Wakageuka, wakamwona Msasa mlangoni, wakashika midomo. Wa kwanza akamwomba awaambie wao tu, hawatasema kwa mtu.

Mama Mashela aliinuka. Alitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kijimto cha pini kilichofungwa mkononi mwake, na hakuwa na haraka.

"Hana haja ya kuwaambia," akasema. "Ni mimi."

 Bibi harusi aliyekuwa mbele ya kioo hakuthubutu kugeuka, akawa anatazama yote kwa kupitia kioo.

"Nilimwambia asikae, akanijibu akiwa amesimama," Mama Mashela akaendelea. "Nina miaka mingi katika nyumba yangu, na hakuna aliyewahi kunijibu namna ile bila kunitukana. Nilikasirika. Kisha nikawa nausikia kila siku, na kila siku naona aliyekuwa na makosa si yeye. Leo amepewa nafasi ya kunianika mbele ya mji, akanisitiri." Akakohoa. "Maneno yangu siwezi kuyarudisha, yalishatoka. Lakini sitaki mtu mwingine awaambie habari hii kabla yangu. Msichana huyo mnayemwimba ni mkwe wangu. Kama yeye atanikubali."

 Waya alikuwa analia waziwazi, mwanaume mzima, katikati ya duka la magauni.

Msasa alikuwa amejiandaa kwa mengi njiani, kwa ugomvi, kwa kuombwa aondoke, hata kwa msamaha wa shingo upande. Hakuwa amejiandaa kuulizwa. Alimtazama yule mama, mgongo umenyooka, kidevu juu, macho yamejaa maji na bado hayaombi huruma, akaona kwamba wanafanana kuliko yeyote kati yao angependa kukiri.

"Nimekukubali, mama," akasema.

Shangazi wakapiga makofi kabla hawajajua wanapiga kwa nini. Mama Mashela alimsogelea, akamkumbatia na ovaroli lake, nguo yake nyeupe ya dukani ikagusa rangi na yeye hakujali. Kisha akamgeukia mwanawe, akajifuta macho, akarudi kuwa mwenye duka.

"Na wewe usisimame hapo kama nguzo. Nenda kalete soda, wageni wangu wanywe kwa ajili ya mkwe."

Waya akatoka. Duka la soda lilikuwa mlango wa pili, na kuta zilikuwa nyembamba. Wote waliokuwa ndani wakamsikia akimweleza muuzaji, ambaye hakuwa amemuuliza chochote, kwamba yule mwimbaji wa Kutu, yule mwenyewe, ndiye atakayekuwa mke wake.